Masurufu Machache, Madalali Wengi

Msafiri wa Nakuru mwenye kipato cha wastani leo ana njia nyingi za kukata tikiti na kuweka chumba. Lililo gumu ni kujua ipi ya kutumia, wakati gani, na kwa ujira gani.

Kila inapokaribia likizo ya Agosti au ya Desemba, nyumba nyingi za Section 58, mtaa ulioko mashariki mwa jiji la Nakuru kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, huingiwa na mjadala ambao aghalabu huanza kwa furaha na kuishia kwenye hesabu: mama angependa kwenda kuwaamkia wazee wake Busia, watoto wameahidiwa bahari tangu mwaka juzi, na baba, ambaye ndiye mshika daftari, anataka kujua masurufu ya safari yatapatikana wapi na yatatosha vipi. Siku hizi mjadala huo haumalizwi tena steji, mbele ya makanga anayeita abiria huku akipiga bodi ya gari kwa kiganja; humalizwa sebuleni, juu ya kioo cha simu, ambako wauzaji wa tikiti za mabasi, za reli na za ndege, pamoja na wenye hoteli na wenye nyumba za kukodi kwa siku, wote huahidi bei ambayo, kwa maneno yao, haipatikani kwingine.

Katika ahadi hizo zimo za kweli na zimo za ghururi, na makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kuzipambanua kwa kipimo kimoja tu, nacho ni hiki: kila huduma ya kukata tikiti au kuweka chumba, iwe ya kijana wa steji au ya kampuni kubwa ya ng'ambo, ni dalali, na hakuna dalali asiyelipwa, hata pale ambapo ujira wake haukuandikwa mahali popote, basi kabla ya kuitazama bei anayoitaja, yafaa kuuliza anatufanyia nini kwa ujira huo, hasa siku ambayo mambo yataharibika.

Wenyeji wa Mogadishu

Udalali wa safari si jambo geni katika pwani yetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tanja, aliposhuka Mogadishu kabla ya kuendelea hadi Mombasa na Kilwa, aliikuta desturi ambayo ameieleza kwa makini katika kitabu chake cha safari. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walilijia kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Na tangu hapo mfanyabiashara yule alikaa nyumbani kwa mwenyeji huyo, naye mwenyeji akamuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Atakayemlaghai mgeni kwa kununua mali yake kwa thamani duni, au atakayemuuzia kitu mwenyeji akiwa hayupo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ila wale waliokwisha kuuzoea mji na kujuana na watu wake walikuwa huru kufikia popote walipopenda.

Msomaji akiitafakari desturi hiyo ataona kwamba ndani yake mna hukumu tatu ambazo zinatufaa hadi leo. Ya kwanza ni kwamba ajuaye mji hahitaji mwenyeji, na kumlipa ni israfu. Ya pili ni kwamba mgeni asiyejua mtu anamhitaji, na kumkwepa ili kuokoa fedha kidogo ni kujitia hatarini. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba mwenyeji alistahili faida yake kwa sababu alibeba dhamana: mgeni akidhulumiwa, palikuwa na mtu wa kumwendea na mji mzima ulijua ni nani. Tukizichukua hukumu hizo tatu tukazipima nazo huduma tulizonazo, kwanza za njiani na kisha za malazi, mengi yanayotutatiza yatajipambanua yenyewe.

Njia iliyozoeleka

Baina ya Nakuru na Nairobi ni mwendo wa kilomita 160 hivi, na magari ya abiria kama ya Mololine huondoka yanapojaa, tangu alfajiri hadi usiku, kiasi kwamba mwenye kutafuta programu ya kumkatia kiti siku ya kawaida anatafuta dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Katika njia hii anayeamua nauli ni siku na saa. Nchini Kenya serikali haipangi nauli za matatu, tofauti na Tanzania, ambako mamlaka ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, huweka kikomo cha nauli za mabasi. Kwa hiyo kwetu sisi nauli hupanda Ijumaa alasiri, hupanda shule zinapofungwa na zinapofunguliwa, na siku za kuamkia Krismasi hupanda hadi mtu akajuta kuzaliwa na jamaa wa mbali. Mwenye uhuru wa kusafiri Jumanne asubuhi amekwisha kujipatia punguzo ambalo hakuna dalali awezaye kumpa. Na abiria mzoefu, akisha kuketi na kufunga mkanda, huuliza nauli kwa sauti mbele ya abiria wenzake kabla gari halijang'oa nanga, maana bei iliyotajwa mbele ya mashahidi kumi na wawili ni vigumu kubadilika Gilgil.

Wala isidhaniwe kwamba urahisi wa nauli ndio mwisho wa hesabu. Kanuni ambazo Waziri John Michuki alianza kuzitekeleza mwaka 2004, za mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, zilitokana na vifo vya barabarani vilivyokuwa vimekithiri. Na watu wa Nakuru hawahitaji kukumbushwa ajali ya Migaa, karibu na Salgaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36 na kuifanya mamlaka ya usafiri, NTSA, kupiga marufuku kwa muda safari za usiku za magari ya abiria. Basi la usiku humwokolea msafiri fedha za kitanda, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini anayelichagua na atazame kwanza sifa ya kampuni na hali ya gari, ndipo atazame nauli.

Reli na hesabu zake

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikaendelea na kufika Kisumu mwaka uliofuata, na mji wenyewe ulikua kandokando yake. Lakini treni ambayo wengi huitaja leo wanapotaka kwenda pwani ni Madaraka Express, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 kati ya Nairobi na Mombasa, mwendo wa kilomita 472, na ambayo tangu Januari 2024 nauli yake ya daraja la kawaida kwa safari nzima ni shilingi 1,500, na ya daraja la kwanza 4,500. Tikiti zake Shirika la Reli huziuza lenyewe, kwa tovuti yake na kwa kubonyeza *639# hata katika simu ya kitufe isiyokuwa na intaneti. Na mahali ambapo mwenye mali anauza mwenyewe kwa njia nyepesi namna hiyo, mtu anayejitolea kukukatia kwa nyongeza ya shilingi mia mbili tatu hakuongezei kitu. Tikiti hubeba jina na nambari ya kitambulisho, kwa hiyo ile inayouzwa mkononi nje ya kituo kwa jina la mtu mwingine inaweza kumfikisha mnunuzi mlangoni tu.

Hata hivyo, mkazi wa Nakuru asihadaike na hiyo 1,500 peke yake. Treni huondokea Syokimau, nje ya mji wa Nairobi, na humshusha abiria Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Basi nauli ya kutoka Nakuru hadi Nairobi, ya kutoka mjini hadi Syokimau, na ya kutoka Miritini hadi anakofikia, zote ni sehemu ya bei ya treni ingawa hazikuandikwa kwenye tikiti. Na kwa ratiba iliyozoeleka, ile ya saa mbili asubuhi haiwahiwi na aliyelala Nakuru isipokuwa kwa kukesha njiani, ilhali ile ya saa tisa alasiri humfikisha Mombasa usiku, wakati ambapo tuktuk na teksi hujipangia bei zao. Akisha kuyajumlisha hayo yote, huenda msafiri akakuta kwamba basi la moja kwa moja linamgharimu zaidi kidogo tu, au hata pungufu kuliko treni. Na bado anaweza kuichagua treni kwa ajili ya usalama wake, na kwa ajili ya watoto watakaowaona ndovu wa Tsavo dirishani, lakini atakuwa ameichagua akijua bei yake halisi.

Kwa mabasi ya masafa marefu, yaani ya Mombasa, ya Malindi, ya Busia na ya Kampala, hapo ndipo dalali wa simu anapoanza kustahili ujira wake. Mfano mzuri ni BuuPass, ambayo chanzo chake ni wanafunzi wanne wa chuo cha Earlham huko Indiana, Marekani, akiwamo Mkenya, ambao mwaka 2016 waliibuka washindi wa tuzo ya Hult, yenye thamani ya dola milioni moja, kwa wazo la kumwezesha abiria wa Kenya kukata tikiti ya basi kwa simu. Faida ya huduma ya namna hii ni kuziweka kampuni kadhaa pamoja, nauli zao, saa zao na viti vilivyobaki, ili mtu asizunguke ofisi hadi ofisi. Na katika wiki mbili za mwisho wa Desemba, wakati viti vinapoadimika, uhakika wa kiti una thamani yake. Lakini jambo moja mkazi wa Nakuru lazima alithibitishe kabla ya kulipa, nalo ni kituo cha kupandia: basi lililoanzia Busia au Kisumu hupita kwetu usiku wa manane, na huenda likasimama dakika chache kwenye kituo cha mafuta barabarani badala ya kuingia mjini, na abiria aliyekaa steji na tikiti yake mkononi ataisikia honi tu. Basi apige simu ofisi ya kampuni, aulize jina la mahali, na aombe nambari ya simu ya kondakta wa gari hilo.

Anayevuka mpaka kwenda Uganda au Rwanda anaweza kuokoa gharama ya pasipoti, kwani tangu mwaka 2014 nchi hizo pamoja na Kenya zimekubaliana kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha kwa raia wao. Mwenye kwenda Tanzania atahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Na akifika huko, treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria katikati ya mwaka 2024, huuzwa na shirika la reli la nchi hiyo lenyewe; kanuni ya mwenye mali ni ile ile.

Kitanda cha ugenini

Katika malazi ndiko madalali walikojaa, na ndiko fedha nyingi za wasafiri wa hali ya wastani zinakopotelea. Booking.com ilianzia Amsterdam mwaka 1996. Airbnb ilianzia San Francisco mwaka 2008. Na kwetu Afrika ilikuwako huduma iliyoanza mwaka 2013 kwa jina la Jovago, ikaitwa baadaye Jumia Travel, ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2019 na wateja wake kukabidhiwa kampuni nyingine. Kisa hicho kinatufunza kwamba dalali huja na kuondoka ilhali hoteli hubaki, na kwamba mwenye busara, akisha kupenda mahali fulani, huandika nambari ya mapokezi katika daftari lake mwenyewe.

Sasa tuitazame hesabu kwa karibu. Tuseme nyumba ya vyumba viwili huko Nyali imetangazwa kwa shilingi 3,500 kwa usiku, na familia ya watu watano inataka kulala siku nne, jumla shilingi 14,000. Wakiendelea kubonyeza, ukurasa wa mwisho unaongeza shilingi 2,000 za usafi, kisha ada ya huduma, tuseme asilimia 14 ya hizo 16,000, yaani 2,240. Na jumla inakuwa 18,240, sawa na 4,560 kwa usiku, zaidi ya shilingi elfu moja juu ya bei iliyowavuta. Bandubandu huisha gogo. Hata hivyo, kwa familia hiyo nyumba yaweza kuwa rahisi bado, kwa kuwa ina jiko, na asubuhi mtu mmoja anaweza kwenda soko la Kongowea akarudi na samaki, viazi na ndizi za kutosha siku nzima kwa fedha ambazo hotelini zingelipia sahani mbili. Lakini wakiwa ni wawili tu, na wanalala usiku mmoja, zile 2,000 za usafi zitaangukia usiku huo mmoja wote, na chumba cha nyumba ya wageni chenye staftahi kitawafaa zaidi. Kwa hiyo linganisha jumla na jumla, ukihesabu vichwa, masiku na chakula. Bei ya ukurasa wa kwanza haina maana yoyote.

Kuna pia ujira ambao mteja hauoni. Hoteli iliyoko kwenye huduma kubwa ya ng'ambo humlipa dalali huyo sehemu ya kila chumba, mara nyingi kiasi cha asilimia 15 hivi, na ndiyo sababu meneja wa hoteli ndogo ya Kisumu au Nanyuki, ukimpigia simu kwa adabu na kumwambia umeiona bei yake mtandaoni, aghalabu atakupunguzia au atakuongezea staftahi, maana hata akikupunguzia asilimia 10 bado anapata zaidi. Basi kwa hoteli inayojulikana, yenye mapokezi, leseni na nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina lake, huduma ya mtandaoni itumike kama orodha ya kutafutia, na mapatano yafanywe kwa simu.

Lakini hukumu hugeuka tunapofika kwenye nyumba ya mtu binafsi usiyemjua. Huko, mwenye nyumba akikuomba mtoke kwenye programu, umtumie fedha kwa simu ili nyote muepuke ada, anakuomba umwache mwenyeji wa Mogadishu ufukweni na kufanya biashara asipokuwepo. Ukisha kulipa nje, kampuni haina tena wajibu kwako, na kila Desemba kuna familia zinazofika Diani au Bamburi na mabegi yao na watoto wenye usingizi, zikakuta geti la nyumba ambayo mlinzi wake hajapata kusikia jina la aliyepokea fedha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: nyumba nzuri mno, ya bei ndogo mno, yenye nafasi wazi wiki ya Krismasi, na mwenyewe anakuharakisha ulipe kabla ya saa sita, hiyo iachiwe wengine. Penye shaka, mwombe akupigie video akiwa amesimama getini, atembee hadi jikoni na kufungua bomba. Mwenye nyumba halisi hatachukizwa.

Na yapo malazi ambayo hayamo katika orodha za madalali wakubwa, au yamo kwa nadra, nayo ndiyo akiba ya msafiri mwenye masurufu machache. Nyumba za wageni za makanisa, pamoja na zile za YMCA na YWCA, zimewalaza wasafiri wa nchi hii kwa miongo mingi: vyumba vya kawaida, shuka safi, chai na mkate asubuhi, geti kufungwa mapema na pombe kukatazwa, na kwa anayesafiri na watoto, masharti hayo yenyewe ni sehemu ya faida. Katika miji ya pwani ziko musafirkhana za jamii mbalimbali. Na kwenye barabara ya Mombasa, pale Makindu, liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo humpa msafiri yeyote, wa dini yoyote, chakula na mahali pa kulala bila ya kumtoza. Hapo mtu huvua viatu, hufunika kichwa, huacha sigara na pombe garini, na hutoa sadaka kwa kadiri ya uwezo wake, akikumbuka kwamba ile ni ihsani na wala si tijara.

Wala tusiwasahau jamaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; nasi tuongeze kwamba mgeni mwenye muruwa huja na unga, sukari na mafuta ya kupikia, na huuliza wiki moja kabla, siyo akiwa tayari ndani ya basi.

Kilichoko mlangoni

Safari ya gharama ndogo kuliko zote kwa watu wa Section 58 haihitaji hata gari la mbali, kwani kilima cha Hyrax, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na kufukua makazi na makaburi ya watu wa kale, kiko hapo hapo kandokando ya barabara ya Nairobi. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1965, na juu ya mawe yake yako mashimo ya bao yaliyochongwa na wachezaji ambao hatuyajui majina yao. Ni matembezi ya asubuhi moja, na ziwa lote huonekana kutoka kileleni.

Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina hesabu nyingine. Malipo ya kuingia hufanywa kwa njia ya eCitizen, na ni vema yafanywe nyumbani kabla ya kuondoka, mtandao ukiwa imara na kitambulisho kikiwa mkononi, kwani raia hulipa kwa kiwango chake na mgeni wa ng'ambo kwa kiwango kingine kilicho kikubwa zaidi. Lakini gharama kubwa ya hifadhi hii ni gari, maana hairuhusiwi kutembea kwa miguu miongoni mwa vifaru na nyati. Kwa hiyo hapa anayeokoa ni yule mwenye wenzake. Watu saba wakichangia gari moja, sehemu ya kila mmoja huwa pengine ndogo kuliko nauli ya Nairobi. Vikundi vya shule na vya vijana vina bahati zaidi, kwa kuwa Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina hosteli ndani ya hifadhi yenyewe. Asiyekuwa na gari wala kikundi na afikirie Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako mtu huruhusiwa kuingia kwa baiskeli ya kukodi au kwa miguu yake. Ila kwanza atazame kalenda, kwani tangu Safari Rally irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, wiki yake hupandisha bei za vyumba vya Naivasha hata vile ambavyo siku nyingine hukosa wapangaji.

Kwa anayependelea safari iliyopangwa yote na wakala, la muhimu ni leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na uanachama wa chama cha waandaaji wa safari, KATO, ambacho kina mpango wa dhamana kwa wateja wa wanachama wake. Bango la safari ya Maasai Mara lililotumwa kwenye kundi la simu bila ya jina la kampuni wala mahali pa ofisi halina dhamana yoyote, hata kama aliyelituma ni mtu wa kwaya yetu.

Fedha inapotoka mkononi

Tangu M-Pesa ianze mwezi Machi 2007 tumezoea kulipa kwa wepesi kiasi kwamba wepesi huo umekuwa mlango wa hasara. Kampuni ya kweli hupokea kwa nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina lake, na jina hilo huonekana kwenye kioo kabla ya kuthibitisha. Likionekana jina la mtu ambaye hakutajwa popote katika mapatano, kidole kisimame hapo. Aliyekosea nambari hupeleka ujumbe wa malipo kwa 456 kuomba kurudishiwa, lakini aliyepokea akisha kuzitoa hakuna kitu cha kurudishwa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu mahsusi juu ya mikataba ya intaneti, nayo inamtaka muuzaji aweke wazi maelezo yake kabla mteja hajafunga mkataba. Basi mteja ana haki ya kuuliza, na anayeudhika kwa kuulizwa amekwisha kujieleza.

Masharti ya kughairi nayo yasomwe kabla, maana chumba cha bei ya chini ambacho fedha zake hazirudi kinamfaa mwenye hakika ya safari yake, na kinamwumiza yule ambaye likizo yake haijatiwa sahihi na mkubwa wake kazini. Huyo afadhali aongeze mia chache apate haki ya kughairi, au achague hoteli inayokubali malipo mgeni anapofika. Na huduma za ng'ambo zipangwe zionyeshe bei kwa shilingi na jumla ya ada zote tangu mwanzo, kwani dola ikibadilishwa na benki huja na ada yake ya pili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo msafiri na ajiulize maswali matatu kwa utaratibu. Je, mahali hapa napajua, au nina mtu anayepajua? Kama ndiyo, ampigie mwenye mali mwenyewe, na ujira wa dalali ubaki mfukoni. Kama la, je, dalali huyu atafanya nini nikifika nikakuta mlango umefungwa, na je, nambari yake ya simu hupokewa usiku? Jibu likiwa wazi, alipe ada bila ya kinyongo, kwa sababu ananunua dhamana. Jibu likikosekana, atafute mwingine. Tena je, jumla yangu imehesabu kila hatua, kutoka mlango wa nyumba yangu hadi mlango wa ninakokwenda, na kurudi? Anayekusudia kusafiri Desemba afanye hesabu hii Oktoba, wakati viti vingali vingi, wenye nyumba wangali tayari kupunguza, na yeye mwenyewe angali na nafasi ya kubadili nia bila ya kupoteza shilingi.